Bando Lipo, Video Inazunguka: Nakala Iko Wapi?

Barua za mwezi huu kutoka Nyanda za Juu Kusini zimegota mahali pamoja. Karibu zote zinauliza kwa nini video inazunguka wakati bando lipo na mnara unaonekana kutoka dirishani. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa mwenzake. Kabla hujalaumu simu au kampuni ya simu, jiulize mambo mawili: nakala ya video unayoitazama imelala wapi, na njia ya kutoka hapo hadi kwako inabana wapi.

Habari za kazi, wataalamu. Nikipima kasi ya intaneti napata Mbps 20. YouTube inacheza vizuri, lakini kuna tovuti moja ya masomo inayoganda kila baada ya sekunde chache. Kampuni ya simu wanasema kwao kuko sawa. Nani mkweli?
*Mwalimu, Tukuyu*

Mwalimu, wote mnasema kweli. Kipimo cha kasi huchagua chenyewe seva, yaani kompyuta ya kutuma data, iliyo karibu, mara nyingi ya humuhumu nchini. Kimekupa kasi ya njia kati yako na seva hiyo, kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, basi. Kuhusu tovuti ya masomo hakijui lolote.

Tazama safari ya mbolea. Mkulima wa Rungwe hafuati mfuko wake bandarini Dar es Salaam. Mfuko umeshapanda lori, umelala kwenye ghala la muuzaji wa jumla Mbeya mjini, umefika kwa wakala wa pembejeo hapo Tukuyu kabla mvua hazijaanza. Video nazo husambazwa hivyo. Mwenye video huweka nakala asilia kwenye seva mama. Kisha mtandao wa usambazaji maudhui, ambao mafundi huuita CDN, hutawanya nakala kwenye seva nyingi zilizo jirani na watazamaji. Seva hizo za pembezoni ndizo mawakala wa pembejeo.

Akamai, iliyoanzishwa mwaka 1998 na watu waliotoka chuo cha MIT cha Marekani, ni miongoni mwa kampuni za kwanza kuifanya kazi hii kuwa biashara. Netflix walianza mtandao wao wenyewe, Open Connect, mwaka 2012. Wanatoa mashine zenye diski kubwa, zinafungwa ndani ya majengo ya kampuni za intaneti, na zinajazwa video mpya saa ambazo watu wamelala ili jioni njia kuu zisibanane. Google nao wana utaratibu wa aina hiyo kwa ajili ya YouTube. Tovuti yako ya masomo huenda haina wakala hata mmoja barani Afrika, kwa hiyo kila kipande unachotazama kinafuatwa ng'ambo.

Umbali huo unaumiza kwa namna mbili. Ya kwanza ni muda. Mwanga ndani ya faiba hukata kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 830, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 8 au 9, ukiacha mnara na vifaa vya njiani. Kutoka Dar hadi kusini mwa Ufaransa kwa kebo za baharini ni kama kilomita 8,000. Hapo fizikia peke yake imeshadai milisekunde 80. Na simu haiendi mara moja tu. Inatafuta anwani ya seva, inapiga hodi, inakubaliana na seva juu ya usimbaji (kufunga data isisomwe njiani), inaomba orodha ya viwango vya picha, inaomba orodha ya vipande, ndipo inaomba kipande chenyewe. Ni safari sita au zaidi kabla hujaona picha, na karibu kila moja inalipa umbali wote.

Ya pili ni kasi yenyewe, na hii wengi hawaijui. Katika njia ya zamani ya TCP, utaratibu wa kusafirisha data kwenye intaneti, pakiti (vifurushi vidogo vya data) zikipotea njiani seva hupunguza mwendo, kisha huongeza polepole kila majibu yanapoirudia. Safari ikiwa ndefu, majibu yanachelewa, na kasi inachelewa kupanda. Chukua upotevu wa pakiti moja kati ya 1,000. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 20, kasi inaishia kama Mbps 22. Upotevu uleule, safari ikiwa milisekunde 200, unabaki na Mbps 2.2 hivi. Laini ni ileile na bando ni lilelile. Mbinu mpya za kudhibiti mwendo, kama BBR ya Google, hupunguza adhabu hiyo lakini haziondoi umbali.

Ili ujue umeangukia wapi, fungua video ya tovuti hiyo na ya YouTube saa 12 asubuhi, kisha uzirudie saa 3 usiku. Zote mbili zikiwa nzuri asubuhi na mbovu usiku, mnara wako umejaa watu. Tovuti moja ikiganda saa zote, tatizo liko kwenye nakala. Ukiwa na kompyuta unaweza kuhakikisha: bonyeza F12 kwenye kivinjari, fungua sehemu inayoonyesha mawasiliano ya mtandao, cheza video, kisha gusa mojawapo ya mafaili yanayoshuka. Kwenye maelezo ya jibu la seva tafuta neno `X-Cache` au `Age`. Ukiona HIT, kipande kilikuwa tayari ghalani kwa CDN. Ukiona MISS, seva ya CDN imelazimika kukifuata kwa seva mama. `Age` ni idadi ya sekunde ambazo nakala imekaa hapo. Usipoyaona maneno hayo kabisa, inawezekana tovuti haina CDN, ingawa zipo CDN zinazoyaficha.

Nina kibanda umiza Makambako, naonyesha mechi kwa intaneti na projekta. Jirani ana dishi. Wao wanashangilia goli, kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Wateja wananihama. Niongeze kasi?
*Mwenye kibanda, Makambako*

Usiongeze, ndugu yetu. Utalipa zaidi na goli litachelewa vilevile.

Matangazo ya mubashara kwenye intaneti hayamiminiki kama maji ya bomba. Hukatwa vipande. Katika mfumo wa HLS, ambao Apple waliutoa mwaka 2009, kipande kinachopendekezwa ni cha sekunde 6. Kipande hakitumwi kabla hakijakamilika, na kicheza video kwa kawaida huanza nyuma kwa vipande vitatu ili kiwe na akiba. Hapo sekunde 18 zimekwenda. Ongeza muda wa kubana picha katika viwango kadhaa na wa kupita kwenye ngazi za seva, na kufika sekunde 25 au 30 ni jambo la kawaida. Setilaiti ya dishi iko angani kama kilomita 36,000, kwa hiyo picha inapanda na kushuka kilomita 72,000, lakini safari hiyo yote ni robo sekunde tu, na hakuna anayesubiri kipande kijae.

Mwenye matangazo anaweza kukata vipande vya sekunde 2, au kutumia aina ya HLS inayotuma kipande kikiwa bado kinatengenezwa. Akiba ya mtazamaji nayo inapungua, na kwenye mtandao unaoyumba watu huanza kugandiwa. Uamuzi huo ni wake, wewe huna kitufe cha kuubadilisha.

Kilicho mikononi mwako ni kutojichelewesha zaidi. Kila video inapoganda kwa sekunde 5, kwenye vicheza video vingi unabaki nyuma kwa sekunde 5 hizo hadi mwisho wa mechi, usipobonyeza kitufe cha kurudi kwenye mubashara. Bonyeza kila baada ya kuganda, hasa mapumziko yakiisha. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, si kwa Wi-Fi. Na tukuambie bila kuzunguka: kwa biashara ya kibanda, dishi na kisimbuzi chenye kibali cha kuonyesha hadharani ndiyo zana sahihi. Akaunti za video za nyumbani kwa kawaida haziruhusu kuonyesha kwa kiingilio, na mechi ya saa mbili kwa Mbps 3 inakula GB 2.7.

Bwana asifiwe. Kwaya yetu ina tamasha mwezi ujao, tunataka kulirusha mubashara YouTube na Facebook. Tunategemea watazamaji 400. Fundi mmoja anasema tunahitaji laini ya Mbps 1,000. Tutaipata wapi?
*Katibu wa kwaya, Mbeya*

Amina, katibu. Hesabu ya fundi ingekuwa sahihi kama seva ingekuwa hapo kanisani na kila mtazamaji angevuta kutoka kwenu: 400 mara Mbps 2.5 ni Mbps 1,000 kweli. Ninyi mnapandisha mkondo mmoja kwa kila jukwaa. Jukwaa ndilo linaloutengeneza katika viwango mbalimbali, kuukata vipande na kuusambaza. Watu 100 wakiomba kipande kipya kwa mpigo kwenye seva moja ya pembezoni, seva iliyopangwa vizuri hutuma ombi moja tu juu, huwasimamisha 99 mlangoni, na kipande kikifika wote wanapewa. Pasipo mpango huo maombi yote 100 huiangukia seva mama, na ndivyo matangazo makubwa yanavyodondoka.

Wekeni picha ya 720p, fremu 30 kwa sekunde, kbps 2,500 (yaani Mbps 2.5) zisizopanda na kushuka, sauti kbps 128, na fremu kamili (keyframe) kila sekunde 2. Hiyo ya mwisho msiipuuze: jukwaa linaweza kukata kipande penye fremu kamili tu, na zikiachana mno mtaona onyo au picha itakayorukaruka. Mkirusha kwenye majukwaa mawili kutoka kompyuta moja, mnapandisha mara mbili, jumla kama Mbps 5.3. Msitumie zaidi ya asilimia 60 ya uwezo wa laini, kwa hiyo mnahitaji kasi ya kupandisha ya Mbps 9 hivi. Pimeni kupandisha, si kushusha, na mpime siku ileile ya juma na saa ileile ya tamasha, dakika kumi mfululizo. Mkipata Mbps 5 tu, rusheni kwenye jukwaa moja.

Kinachoharibu siku yenyewe ni watu wenu wenyewe. Waumini 600 wenye simu ndani ya jengo moja wanagombania mnara uleule mnaourushia. Kama hakuna faiba, laini ya kurushia iwe ya kampuni ambayo wachache kati yao wanaitumia, na laini ya pili ya kampuni nyingine iwe imewekwa tayari. UPS, yaani betri ya akiba, iwekwe kwenye ruta pia. Wengi huiweka kwenye kompyuta peke yake, umeme unapokatika kompyuta inabaki hai na matangazo yanakufa.

Tunaandaa masomo ya video kuhusu kilimo cha parachichi na viazi kwa wakulima wa Njombe na Makete. Seva tuliyokodi iko Ulaya, wakulima wanalalamika. Tuanzie wapi kuweka CDN, bila kutupa hela?
*Kikundi cha vijana, Iringa*

Hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, kwa hiyo vumilieni urefu wa jibu.

Msianze na CDN, anzeni na mafaili. Faili moja la MP4 la 1080p litamganda mkulima wa Makete hata seva ikiwa Njombe mjini, kwa sababu mnara wake haubebi Mbps 5. Tumieni programu ya FFmpeg, ya bure, mtengeneze viwango vitatu: 240p kwa kbps 300, 360p kwa kbps 600, na 480p kwa kbps 1,100. Kateni kila kiwango vipande vya sekunde 6, na fremu kamili ziangukie sekunde zilezile katika viwango vyote, la sivyo simu ikihama kiwango picha itaruka. Orodha kuu itaviorodhesha vyote vitatu. Simu hupima kasi yake kila kipande na kuchagua kiwango cha kuomba kinachofuata, seva haiichagulii.

Sasa CDN. Msichague kwa kuhesabu nukta kwenye ramani ya dunia ya muuzaji. Ulizeni: je, mna seva Dar es Salaam, au iliyo karibu ni Nairobi au Johannesburg? Kisha: je, mnabadilishana mawasiliano moja kwa moja na kampuni za simu za Tanzania, kwa mfano kupitia TIX, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti kilichoko Dar? Kuwa na seva Dar hakutoshi. Kampuni ya simu isipounganishwa nayo, ombi la mkulima linaweza kwenda Ulaya na kurudi Dar, ingawa kampuni hiyo na seva ziko mji mmoja. Ombeni muda wa majaribio, mpime kwa `traceroute`, amri inayoonyesha njia ombi linakopita, kutoka laini za kampuni tatu tofauti mkiwa Njombe, si mkiwa ofisini Iringa.

Mkishaunganisha jina la tovuti na CDN, pangeni muda wa kutunza nakala. Vipande havibadiliki, vipeni mwaka mzima, yaani sekunde 31,536,000. Orodha za masomo yaliyokwisha rekodiwa zipeni saa moja au zaidi. Siku mkirusha mubashara, orodha yake isizidi sekunde 2 au 3, maana inabadilika kila kipande kipya kinapozaliwa. Mkiitunza dakika moja, watazamaji wote watasimama.

Makosa yanayorudi kila mara ni haya. Mnaweka alama ya mtumiaji kwenye anwani ya kila kipande, CDN inaona anwani 500 tofauti, inatunza nakala 500 za kitu kimoja na haipati HIT hata moja. Iambieni ipuuze sehemu hiyo ya anwani inapotafuta nakala, huku ikiendelea kuikagua kwa ajili ya ruhusa. Seva mama inatuma kuki (alama ndogo ya kumtambua mtumiaji) pamoja na kila kipande, na CDN nyingi zikiona kuki zinakataa kutunza. Mnasahihisha somo na kulipakia upya kwa jina lilelile: mkulima anapata vipande vya zamani vimechanganyika na vipya, sauti ya mbolea juu ya picha ya kupogoa. Kila toleo liwe na folda yake, v1, v2, na hamtahitaji kufuta chochote.

Lipo tatizo moja la wenye watazamaji wachache ambalo wauzaji hawalisemi. Seva ya pembezoni ikijaa hutupa kile kilichokaa muda mrefu bila kuombwa. Somo lenye watazamaji kumi kwa wiki litatupwa, na kila anayekuja atalipa umbali wote hadi Ulaya, kana kwamba CDN haipo. Dawa ni mbili: washeni seva ya kati inayosimama kati ya pembezoni na seva mama, au hamisheni seva mama yenyewe ije Afrika. Kwa ukubwa wenu, la pili linaweza kuwa na faida kuliko CDN ya gharama.

Kwa gharama, somo la dakika 10 kwa kbps 600 ni MB 45, hivyo mitazamo 1,000 ni GB 45. Zidisheni kwa bei ya GB mtakayotajiwa kabla hamjasaini. Na wekeni kitufe cha kupakua. Mkulima akishusha somo mara moja na kuwarushia wenzake simu kwa simu kwenye gulio, mmepata usambazaji ambao hakuna kampuni itakayowauzia.

Rafiki alinishauri nibadilishe DNS kwenye simu ili intaneti iwe nyepesi. Kurasa zinafunguka haraka, lakini baadhi ya video zimekuwa nzito. Inawezekana?
*Msomaji, Mafinga*

Inawezekana kabisa. DNS ni daftari la intaneti linalogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva. CDN nyingi huchagua seva ya kukuhudumia kwa kuangalia swali la DNS limetoka wapi. Ukitumia DNS ya kampuni yako ya simu, CDN inakuona Tanzania. Ukitumia ya nje, inaweza kudhani uko ilipo seva ya DNS hiyo na kukupeleka ghala la huko. Tangu 2016 kuna utaratibu ulioandikwa, RFC 7871, unaoruhusu DNS kupeleka sehemu ya anwani yako ili CDN ijue ulipo. DNS ya Google, 8.8.8.8, hutumia utaratibu huo. Ya Cloudflare, 1.1.1.1, haiutumii, kwa sababu ya faragha. Rudisha DNS iwe ya kujichagua yenyewe, zima data na uwashe, jaribu video zilezile. VPN, inayopitisha data yako yote kwenye seva ya mahali pengine, nayo huleta tatizo hilohilo, kubwa zaidi.

Mei 2024 intaneti ilipokuwa mbovu nchi nzima, baadhi ya video ziliendelea kucheza na nyingine ziligoma. Kwa nini?
*Msomaji, Njombe*

Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizobaki na njia finyu ya kutokea nje. Nakala iliyokwisha lala kwenye seva ya ndani ya nchi haihitaji bahari. Inakufikia kwa faiba ya nchi kavu. Ambayo haijawahi kuombwa na mtu wa hapa, au iliyokwisha tupwa, lazima ivuke. Hata nakala ikiwa Dar, kuingia kwenye akaunti na kupata leseni ya kufungua video mara nyingi hushughulikiwa na seva za nje. Ndiyo maana programu inaweza kugoma kufunguka huku video yenyewe iko kilomita mia chache kutoka kwako.

Nikiwa Tunduma karibu na mpaka video huwa nzito ghafla na salio linaisha. Ni nini?
*Dereva, Tunduma*

Simu imeshika mnara wa upande wa Nakonde. Data yako sasa inapita mtandao wa Zambia, na kwa kawaida inarudishwa kwanza kwenye kampuni yako Tanzania ndipo ielekee kwenye seva ya video, kwa bei ya nje ya nchi. Zima data ya ugenini (roaming) kwenye mipangilio ya laini, na uchague mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu.

Kama nakala imeletwa karibu, mbona bando langu haliishi polepole?
*Msomaji, Rujewa*

Kwa sababu bando huhesabu kinachoingia kwenye simu, si kilikotoka. Tena seva ya karibu inaweza kukumalizia bando haraka zaidi: simu ikiona kasi nzuri inapanda yenyewe kutoka 360p hadi 720p au 1080p. Kila Mbps 1 ni MB 450 kwa saa. Kiwango cha Mbps 0.6 kinakula MB 270, cha Mbps 2.5 kinakula MB 1,125, cha Mbps 5 kinakula MB 2,250. Kwenye kioo cha simu, 480p inatosha kwa mechi na 360p kwa mahubiri au habari. Chagua kiwango mwenyewe kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya matumizi ya data ya simu, si kwenye video moja tu, maana ukibadilisha kwenye video moja huenda inayofuata ikarudi kujichagulia.